Kufundisha Nadharia za Asili ya Mwezi

Katika msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa nikimsikiliza mwanachuo aliyewaeleza wanafunzi kwamba Mwezi ni kipande cha Dunia kilichomeguka, na kwamba shimo lililobaki ndilo Bahari ya Pasifiki. Mtoto mmoja alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, ni nani aliyeona?" Aliamriwa kuketi, na somo likaendelea. Baada ya kipindi nilimweleza mwanachuo kuwa makosa yake yalikuwa mawili, na la pili lilizidi la kwanza. Nadharia aliyoifundisha imekwisha kukataliwa. Lakini swali alilolizima ndilo lililostahili kuwa msingi wa somo zima.

Hakuna aliyeona, kwani Mwezi una umri wa takriban miaka milioni 4,500. Hata hivyo, msasi anayekuta nyayo asubuhi hutambua mnyama aliyepita usiku. Makala haya yanapendekeza jinsi ya kuwawezesha wanafunzi kuzisoma nyayo hizo wenyewe, kwa vipindi viwili.

Hatua ya kwanza: Kukusanya ushahidi

Mwalimu asianze kwa kutaja nadharia. Aandike ubaoni kwamba kipenyo cha Dunia ni kilometa 12,742 na cha Mwezi kilometa 3,474. Wanafunzi wakikokotoa wataona kuwa Dunia ina ujazo wa vitufe 49 hivi vyenye ukubwa wa Mwezi. Kisha awaambie kuwa uzito wa Dunia ni mara 81 ya uzito wa Mwezi, na awaulize sababu ya tofauti hiyo. Kwa kuongozwa watafikia jibu: Mwezi umefanyika kwa vitu vyepesi zaidi. Kiini cha chuma, ambacho ni karibu theluthi moja ya uzito wa Dunia, ni kidogo mno katika Mwezi.

Ushahidi wa pili ni mawe. Safari sita za Apollo zilizotua Mwezini kati ya 1969 na 1972 zilileta kilo 382 za mawe na udongo. Oksijeni ina aina za atomi zinazotofautiana kwa uzito, na uwiano wa aina hizo katika mawe ya Mwezi unakaribiana mno na ule wa Dunia, ilhali mawe yaliyotoka Mirihi yana uwiano tofauti.

Hatua ya pili: Kupima nadharia

Darasa ligawanywe katika makundi matatu, kila kundi litetee nadharia moja mbele ya ushahidi huo.

(a) Kumeguka. Ilitolewa na George Darwin, mwana wa Charles Darwin, mnamo 1879. Osmond Fisher akaihusisha na Pasifiki mwaka 1882. Inaeleza uchache wa chuma, kwa kuwa kipande kingetoka tabaka la juu. Lakini ingebidi Dunia ijizungushe kwa kasi kubwa kupita ile ambayo hesabu za mwendo wake na wa Mwezi zinaruhusu. Tena, sakafu ya Pasifiki haizidi umri wa miaka milioni 200 hivi.

(b) Kunaswa. Mwezi uliumbika mbali, ukanaswa na mvutano wa Dunia. Nadharia hii inakwama kwenye ule ulinganifu wa oksijeni.

(c) Kuzaliwa pamoja. Inaeleza ulinganifu huo, lakini haielezi kwa nini pacha mmoja alipata chuma tele na mwingine akakosa.

Hatua ya tatu: Mgongano

Hapo ndipo mwalimu aeleze nadharia ya William Hartmann na Donald Davis ya 1975, na ya Alastair Cameron na William Ward ya 1976. Gimba lenye ukubwa upatao wa Mirihi liliigonga Dunia changa. Chuma chake kikazama katika kiini cha Dunia, na vifusi vya miamba iliyoyeyuka vikaizunguka Dunia hadi vikakusanyika kuwa Mwezi. Tangu mkutano wa Kona, Hawaii, mwaka 1984, nadharia hii ndiyo inayoongoza.

Mwalimu asiifunge hoja hapo. Kwa hesabu za awali, sehemu kubwa ya Mwezi ingetoka katika gimba lililogonga. Mbona basi mawe yake yanafanana mno na ya Dunia? Tangu 2012 wataalamu wametoa maelezo kadhaa yanayoshindana, na mjadala unaendelea.

Hatua ya nne: Upimaji

Swali la "Taja nadharia nne" hupima kumbukumbu tu. Afadhali kuuliza: "Chagua nadharia moja iliyokataliwa. Eleza ilifafanua nini vizuri, na ni ushahidi gani ulioiangusha."

Juma lililofuata mwanachuo yule alirudi darasani, akamwomba mtoto yule alirudie swali lake mbele ya wenzake, akaliandika ubaoni kuwa kichwa cha somo.