Umepona saratani ya nyuma ya pua? Chunga meno, masikio na shingo

Msomaji, sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua, haionekani kwa macho. Saratani inayoanzia hapo hujificha, na wagonjwa wengi huenda hospitalini uvimbe ukiwa tayari umetokea shingoni. Kamasi yenye damu, pua iliyoziba upande mmoja, au sikio moja lisilosikia vyema ni dalili za mapema. Zikidumu wiki tatu, mwone daktari.

Ugonjwa ukigunduliwa katika hatua ya kwanza, tiba ya miale pekee kwa kawaida hutosha. Mgonjwa huchomwa miale siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki saba hivi. Kwa mitambo ya kisasa, ambayo huelekeza miale kufuata umbo la uvimbe, zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 wa hatua hiyo huwa hai miaka 5 baadaye.

Hizo ni habari njema. Lakini anayepona ana miaka mingi ya kuishi, na miale huacha alama. Madhara mengine huchelewa, hata kwa miaka 10 au zaidi. Yajue haya:

Mate. Tezi za mate zikidhurika, kinywa hukauka na meno huoza upesi. Kunywa maji mara kwa mara, punguza sukari, na upige mswaki kwa dawa yenye floraidi.

Taya. Mfupa uliopigwa miale hupata damu kidogo. Jino liking'olewa, kidonda chaweza kukataa kupona na mfupa ukafa. Hatari hii haiishi kwa kupita miaka. Kwa hivyo, kabla ya kung'olewa jino, mwambie daktari wa meno kwamba ulitibiwa kwa miale. Kwa anayengojea tiba, meno mabovu yang'olewe mapema ili vidonda vipone kabla ya miale kuanza.

Mdomo. Misuli ya taya hukaza, na kufungua mdomo kukawa kazi. Fanya mazoezi ya kuupanua kila siku, jinsi utakavyoelekezwa.

Masikio. Uwezo wa kusikia waweza kupungua polepole. Omba upimwe.

Tezi ya thairoidi iliyo shingoni. Ikilegea, utachoka, utahisi baridi, utanenepa na kupata choo kigumu. Wengi hudhani ni uzee. Kipimo cha damu, angalau mara moja kwa mwaka, hufichua tatizo hili, na hutibiwa kwa vidonge vya kila siku.

Ukivuta sigara, acha. Tena usikome kwenda kliniki kwa sababu unajisikia mzima. Hifadhi karatasi zako za matibabu, na kila daktari mpya umwonyeshe, hata ikiwa umemwendea kwa jino moja tu.