Moteri ya Corvette ya mwaka 1963 na namba zake



Juma lililopita, kisha somo la kunyoosha kilasi, mabishano yalizaliwa katika atelie. Wengine wetu walisema: moteri ni moteri, ikizunguka inatosha, kamata kilasi huku, kamata vilebreke kule, kazi imekwisha. Wengine walikataa kabisa. Mwalimu hakutaka kutukatia maneno, alituambia tutafute sisi wenyewe. Basi tukatafuta mufano kwa watu ambao neno hili linawaletea vita kweli, ni wale wa Marekani wanaojenga upya motokari za mbio za zamani, zaidi Corvette. Hatuna Corvette hapa, na barabara yetu haingeikubali, sababu tumbo lake liko karibu na udongo. Lakini moteri yake inafundisha.

Corvette ilizaliwa mwaka 1953 katika kampuni ya Chevrolet. Mwaka ule walitengeneza 300 tu, zote nyeupe, na moteri ya silinda 6. Macho yaliipenda, lakini mbio ilikuwa kidogo. Mwaka 1955 wakaanza kuitia moteri ya V8. Mutu aliyeisukuma sana kuwa motokari ya mbio ya kweli ni mwinjinia Zora Arkus-Duntov, aliyezaliwa Bruxelles mwaka 1909, wazazi wake Warusi. Katika mwaka 1963 ikatoka ile inayoitwa Sting Ray. Ile yenye kufunikwa ilikuwa na kioo cha nyuma kilichogawanywa na mufupa katikati, na kioo cha namna ile ni cha mwaka ule mumoja tu.

Moteri yake wanaiita 327, ni kusema inchi za mraba-tatu 327. Tuhesabu kwa kipimo chetu. Silinda iko na upana wa milimetre 101,6, pistoni inapanda na kushuka milimetre 82,55. Wa mwaka wa tatu wanaweza kufanya hesabu: eneo la duara ni santimetre mraba 81,07, mara 8,255, mara silinda 8, tunapata karibu 5354, ni litre 5 na nusu kasoro kidogo. Kwa bloki ile moja mununuzi alichagua nguvu: farasi 250, 300, 340 ao 360. Tofauti ilitoka kwa kilasi, kwa muti wa kamu, na kwa namna ya kuingiza esansi. Ile ya 360 haikuwa na karburateri, ilikuwa na injeksio ya Rochester, mambo ya vyuma tu, bila elektroniki hata kidogo.

Sasa tuingie ndani ya neno lenyewe. Mutu akisema moteri yake ni "ya wakati wake", anataka kusema nini? Tumeona kwamba kuna hali tatu na watu wanazichanganya. Kuna moteri ambayo motokari ilitoka nayo kiwandani. Kuna moteri ya namna ileile na ya siku zilezile, lakini ilitoka katika motokari ingine. Tena kuna moteri yoyote inayoingia. Ya wakati wake ni ile ya pili. Haiko ya kuzaliwa nayo, lakini haiko ya kigeni.

Namna gani wanajua? Bloki yenyewe inasema. Nyuma, karibu na mahali gia inapofungwa, kuna namba iliyotoka pamoja na chuma wakati wa kumwagwa. Kwa 327 ya mwaka 1963 ni 3782870. Upande wa nyuma pia kuna tarehe ya kumwaga: herufi ya mwezi, siku, na tarakimu ya mwisho ya mwaka. A ni mwezi wa kwanza, L ni wa kumi na mbili. Basi C 12 3 ni tarehe 12 mwezi wa 3 mwaka 1963. Kisha, mbele ya kilasi ya kuume, kuna mahali padogo palipo sawa kama meza. Pale kiwandani walipiga namba kwa nyundo. Tutwae mufano F0319RF: F ni muji wa Flint, 0319 ni tarehe 19 mwezi wa 3, RF ni farasi 360 na injeksio. Pembeni wakapiga namba ya motokari yenyewe.

Muangalie vizuri: namba ya kupigwa haisemi mwaka. Mwaka unapatikana kwa tarehe ya kumwaga. Ndiyo maana zote mbili zinapashwa kupatana. Kama bloki ilimwagwa tarehe 20 mwezi wa 4, na namba ya kupigwa inasema moteri ilifungwa tarehe 19 mwezi wa 3 wa mwaka uleule, kuna mutu amesema uongo. Mutoto habatizwi mbele ya kuzaliwa.

Na uongo uko mwingi, sababu feza iko. Mwaka 1963 Corvette zilizotengenezwa ni 21 513, na zenye injeksio ni 2 610 tu, kama 12 kwa 100. Kwa hiyo kuna mafundi waliofuta namba na kupiga RF mupya. Lakini mashini ya kiwanda ilikwangua uso wa bloki ikiacha mistari membamba iliyonyooka toka mbele kwenda nyuma. Jiwe la kusagia linaacha mistari ya kupinda. Watu wa chama cha NCRS, kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa kuchunguza Corvette, wanaiangalia mistari ile kwa taa.

Hapa ndipo tulipoona kwamba hata fundi mwaminifu anaweza kufanya hasara kubwa. Tulifundishwa: uso wa bloki ukipinda, unausaga mpaka unyooke. Ni kweli. Lakini kale kameza kenye namba kako sawa na uso wa bloki! Ukipitisha jiwe bila kufikiri, unafuta ushuhuda wote kwa dakika moja, na hakuna mutu atakayeurudisha bila kuwa mwongo. Fundi mwenye akili anapima kwanza kwa rula iliyonyooka na kipande chembamba cha kupimia. Kama upindo ni mudogo, anaacha. Kama ni lazima kusaga, anauliza mwenye motokari, anapiga picha, ao anasimamisha jiwe mbele ya kufika pale. Sisi, tuseme kweli, tungefuta.

Silinda zikilika, wanazipanua, mara nyingi kwa sehemu 30 za elfu ya inchi, ni milimetre 0,76, na kutia pistoni mupya za kipimo hicho. Ukihesabu tena utapata karibu 5434. Moteri imeongezeka santimetre 80 hivi, na kwa inje hakuna anayeona. Hiyo wanaikubali, sababu silinda kulika haiko dhambi ya mutu.

Kwa vilebreke mambo ni makali zaidi. Watu wengi wanapenda kutia vilebreke ya 350, moteri iliyokuja nyuma, sababu inasukuma pistoni mbali zaidi. Lakini shingo kubwa za vilebreke ya 327 ya 1963 zina inchi 2,30, na zile za 350 zina inchi 2,45. Haiingii bila kukatwa. Anayeikata na kuifunga ndani ya bloki ya 1963 ana moteri nzuri, pengine nzuri kupita ya kwanza, lakini jina la 327 limekwisha pale.

Kuna pia maneno ya esansi. Ile ya farasi 360 inabana hewa mara 11,25. Mwaka 1963 esansi ilikuwa na risasi ndani yake. Ilizuia moteri kugonga, tena ilikinga viti vya supape. Marekani wameikataza kwa motokari za barabara tangu mwaka 1996. Basi wajenzi wanatia viti vya chuma kigumu kwa supape za kutolea moshi, na wengine wanaweka zhua ya kilasi iliyo nene kidogo kupita ile ya bati ya zamani, kusudi mubano upungue. Vyote vinafichama ndani. Kwa hesabu yetu ule ni utengenezaji wa haki, mradi viandikwe katika karatasi ya moteri.

Kufunga, mutafuata namna tuliyojifunza: kila kusine inapimwa, kilasi moja iko na buloni 17, unaanza katikati kwenda inje, kwa mara tatu, mpaka karibu Nm 88. Vifuniko vya vilebreke ni karibu Nm 108. Hatutarudilia.

Siku ya kuwasha ndiyo ya woga. Muti wa kamu unasugua visukumio moja kwa moja, bila magurudumu. Ukiwa mupya na mukavu, unaweza kufa katika dakika chache, na unga wa chuma unaingia kila mahali. Kwa hiyo mbele ya kuwasha wanatoa delko, sababu delko ndiyo inazungusha pompi ya mafuta. Katika tundu lake wanaingiza chuma kirefu kinachozungushwa na mashini ya kutobolea, mpaka mafuta yanapanda juu kwenye supape. Kisha wanarudisha delko, silinda ya kwanza ikiwa juu. Moteri ikiwaka, hawaiachi kupumua polepole kama tunavyopenda kufanya sisi. Wanaishika palepale kwa mizunguko 2000 kwa dakika, muda wa dakika 20. Tena mafuta yawe yenye zinki ya kutosha, sababu mafuta mengi ya siku hizi yamepunguziwa zinki ili yasiharibu visafishaji vya moshi. Kisha wanazima, wanamwaga, na kufungua filtre. Ile ya 1963 haikuwa ya kuzungusha kwa mukono, ni kopo lenye buloni na karatasi ndani. Wanakunjua karatasi na kutafuta unga unaong'aa.

Tulirudisha haya yote kwa Mwalimu. Aliuliza swali moja tu: kati ya wale wawili, aliyetia bloki ya motokari ingine na kuandika hivyo, na aliyekuwa na bloki ya kuzaliwa nayo lakini akapiga RF juu ya namba ya farasi 300, nani ana moteri ya kweli? Kundi la "moteri ni moteri" halikujibu bado. Tunawangoja siku ya nne, saa ya atelie.

Mupango wa kuwasha silinda zake ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Tumeuchora kwa chaki kwenye mulango wa atelie. Wa mwaka wa tano waunakili mbele ya usafi wa siku ya posho, na aliyechukua ufunguo wa kupimia nguvu aurudishe kwa sanduku lake.