Somo: Kikundi Chetu Kinunue Mashine Gani ya Fotokopi?

Wengi wenu mmetuuliza juu ya zile mashine za "kazi zote kwa moja", yaani inachapa, inatoa fotokopi, inaskani na kutuma faksi. Ni biashara nzuri? Tutajibu kwa kuanzia na yale tuliyoyaona wenyewe.

Tulitembelea kikundi kimoja cha kina mama upande wa Likoni. Walikuwa wameweka akiba karibu miaka miwili, shilingi kwa shilingi, wakanunua mashine ya namna hiyo. Tulipofika tuliikuta mezani imefunikwa kwa leso. Tukauliza, "Kwani imeharibika?" Mweka hazina akajibu, "Haijaharibika, Mwalimu. Ni sisi tumechoka kuilisha."

Wateja walikuwapo, tena wengi. Na hapo ndipo hasara ilipotoka. Haya, chukueni kalamu tuhesabu pamoja. Bei tutakazotaja ni za mfano tu. Nyinyi mtaweka za dukani siku mtakayokwenda.

Tuseme katriji moja ya wino ni shilingi 2,000, na boksi lake linasema inatoa kurasa 180. Gawanya: wino wa ukurasa mmoja ni zaidi ya shilingi 11. Rimu ya karatasi 500 tuseme ni shilingi 600, yaani shilingi 1.20 kila karatasi. Jumla ni shilingi 12 na senti 30 hivi. Mtaani nakala moja mnauza shilingi 5. Basi kila mteja akiondoka na nakala yake, kikundi kimempa na shilingi 7 juu. Mkitoa nakala 100 kwa siku, mmepoteza zaidi ya shilingi 700, na jioni mnajipongeza kwamba leo kazi ilikuwa nyingi!

Mashine hii iliuzwa rahisi. Watengenezaji wengi hupata faida yao katika wino, si katika mashine. Tena katriji inayokuja ndani ya boksi mara nyingi haijajazwa sawasawa na ile ya kununua, kwa hiyo msipime kwa hiyo ya kwanza. Na ile hesabu ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa kurasa ambazo wino umefunika kama asilimia 5 tu ya karatasi. Nakala ya kitambulisho chenye picha, au cheti chenye mihuri, hula wino zaidi ya hapo.

Sasa tuangalie mashine ya tona, ile ya wino wa unga, rangi nyeusi peke yake. Tuseme mashine ni shilingi 28,000, tona ni 3,500 na inatoa kurasa 1,600. Tona ya ukurasa mmoja ni shilingi 2.20 hivi, ongeza karatasi 1.20, jumla 3.40. Kila nakala ya shilingi 5 inabakisha kama shilingi 1.60. Kwa nakala 60 kila siku, siku 26 kwa mwezi, bei ya mashine itarudi baada ya miezi 11 na zaidi. Na hapo hatujalipa stima, kodi ya chumba, wala posho ya kijana anayekaa pale. Afadhali mlijue hilo kabla.

Zipo pia mashine za tangi, zinazojazwa wino wa chupa. Ukurasa wake ni rahisi sana, lakini zikikaa wiki nyingi bila kazi wino hukauka na kuziba. Kikundi kinachotegemea msimu wa kufungua shule tu kijihadhari.

Na faksi je? Faksi husoma karatasi, ikageuza weusi na weupe kuwa sauti, ikaipitisha katika waya wa simu mpaka mashine ya upande wa pili ikaichora tena. Enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1999, ofisi yenye faksi ilikuwa ofisi kweli. Leo wateja wenu wanaleta karatasi kwenye simu ya mkononi, kwa barua pepe au WhatsApp. Huko Marekani hospitali nyingi bado zinatumia faksi, lakini hatuko Marekani. Katika ile mashine ya Likoni, tundu la waya wa simu halikuwahi kuona waya. Kwa maoni yetu msilipe hata shilingi moja ya ziada kwa ajili ya faksi, isipokuwa mmepata mteja anayeihitaji na laini ya waya mnayo.

Kinachohitajika kweli ni kioo cha kuskani. Tazameni karatasi za kikundi chenyewe: Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua 10, na hapo pana katiba, muhtasari na orodha ya wanachama. Ulizeni pia kama mashine inaskani wino ukiisha. Mwaka 2021 kampuni ya Canon ilishtakiwa huko Marekani kwa sababu hiyo hiyo: mashine iligoma kuskani kwa kukosa wino, na kuskani hakuhitaji wino.

Mkienda dukani nendeni watatu, mbebe kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na karatasi zenu. Mwambieni muuzaji aiwashe, atoe nakala 20 mbele yenu. Kisha ulizeni bei ya tona kwenye maduka mengine mawili. Ikiwa inapatikana duka moja tu Mombasa nzima, rudini nyumbani.

Pwani yetu ina unyevu. Karatasi iliyoachwa wazi hunyonya maji, ikajikunja na kukwama ndani, hasa wakati wa masika. Rimu ibaki katika ganda lake. Mashine ya tona hula umeme mwingi inapopata moto, basi msiiunganishe na sola ndogo ya taa. Na nakala za vitambulisho zilizoharibika zichanwe. Tumeziona Kisauni zikifungia njugu.

Kile kikundi cha Likoni hakikuitupa mashine. Walijaribu wakaona inaskani bila wino, basi sasa inafanya hiyo tu, na nakala wanampelekea jirani mwenye mashine ya tona.

Kwa kikao kijacho: wanachama wawili wakae karibu na duka la fotokopi lililo jirani kwa siku tatu, waandike wateja wangapi wameingia na kila mmoja ameomba nini. Leteni daftari hilo, kisha mjadili: je, eneo letu lina nakala 60 kwa siku? Nani atakaa na mashine, na atalipwa kutoka wapi?