Dondoo Muhimu: Kukinga Nyaya za Kamera za Nje

Kamera za ulinzi huharibika mara nyingi kwenye maungio ya nyaya, ambako maji ya mvua, na katika mwambao hewa ya chumvi pia, huila shaba taratibu.

1. Tundu la ukutani litobolewe kwa mshazari likiinamia nje, na waya uachiwe kitanzi kinachoning'inia chini yake, ili maji yadondoke hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani.
2. Maungio yafungiwe katika kisanduku cha IP66, yaani kisichopitisha vumbi wala maji yanayorushwa kwa nguvu, na nyaya ziingilie upande wa chini.
3. Tepu nyeusi peke yake haitoshi, kwani gundi yake huachia juani.
4. Umeme uzimwe kabla ya kisanduku kufunguliwa.