Nyumba ya Baba na Mafungu ya Warithi
Maswali na majibu juu ya wasia, mirathi na wakfu

Barua zilizonifikia zimezidi nafasi niliyopewa, na kwa hiyo sitamfunza mtu hapa kwamba mwana wa kiume hupata mafungu mawili na binti moja, wala kwamba mke wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumuni, kwani hayo yamo katika Sura ya An-Nisaa na aliyeketi chuoni siku chache hawezi kusema hakuyasikia. Nimechagua yanayonikera na yanayonitia hofu, nikayajibu kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa mwambao huu.

Baba yetu alifariki zamani. Kaka yetu mkubwa aliteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, naye amekaa katika nyumba, hupokea kodi ya vyumba vya uani, na kila tukimwuliza hutuambia kwamba nyumba ya baba haigawanywi. Je, nyumba ni yake? (Nimeunganisha barua za Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, kwa kuwa zatofautiana kwa majina tu.)

Si yake.

Naanza na karatasi ya mahakama, kwa maana ndiyo iliyozaa uwongo huu. Mahakama impapo mtu usimamizi wa mirathi, iwe ya kadhi huko Mombasa na Unguja, au Mahakama ya Mwanzo huko Tanga, haimpi mali bali humtwika kazi: akusanye kilicho cha marehemu, alipe madeni yake, atimize wasia wake kama upo, awagawie warithi kilichosalia, kisha atoe hesabu. Katika Mahakama ya Mwanzo ya Tanzania Bara msimamizi hutakiwa kuleta orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Na sheria ya Kenya humtaka, miezi sita ikishapita, arudi mahakamani usimamizi wake uthibitishwe na ijulikane nani apata nini. Msimamizi alaye kodi ya nyumba miaka nenda miaka rudi bila ya kumwonyesha mtu daftari amekwisha kutoka katika uaminifu na kuingia katika ghasibu.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, kwamba nyumba ya baba haigawanywi, neno ambalo nimelisikia likisemwa kwa heshima kubwa na watu waliokusudia dhuluma kubwa. Milki ya maiti humtoka pale pale roho yake inapomtoka, na mafungu ya warithi huwathubutikia saa ile ile, wakigawanya wasigawanye, yakiwa yamefungamana na madeni ya marehemu tu. Hivyo asubuhi ya pili baada ya maziko hakuna tena nyumba ya baba, bali pana nyumba moja yenye wenyewe wengi. Kutogawanya hakuzuii mafungu kutembea. Kila mrithi afaye kabla ya ugawaji huacha fungu lake kwa warithi wake mwenyewe, na hesabu ya vifo hivyo vinavyofuatana, iitwayo munasakha, ndiyo mlango mgumu kuliko milango mingi ya elimu ya faraidhi.

Tuseme marehemu ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili, wote wa mama mmoja. Tuifanye nyumba mafungu 32: mke ana 4, mwana ana 14, na kila binti ana 7. Mama akafariki nyumba haijagawanywa. Mafungu yake 4 yakawarudia wanawe, mwana akawa na 16 na kila binti 8. Mwana, yule aliyesema siku zote kwamba nyumba haigawanywi, naye akafariki, akaacha mjane na binti mmoja. Katika 16 zake mjane hupata thumuni, nazo ni 2. Binti hupata nusu, nazo ni 8. Na yaliyobaki 6 huwaendea dada zake wawili, kwa sababu dada shakiki akiwapo pamoja na binti wa marehemu huchukua kinachosalia. Jumlisha: dada wana 22 katika nyumba ile, na mjane na binti wa mwenye kuizuia wana 10. Mtu aliyewazuilia dada zake kwa kudhani kwamba anawawekea wanawe amewaacha mkewe na mwanawe katika nyumba ambayo zaidi ya theluthi mbili yake ni ya wale aliowadhulumu. Lau angaliigawanya angali hai, angaliweza kuyanunua mafungu ya dada zake kwa bei waliyoridhia, au kumpa bintiye hiba katika fungu lake mwenyewe, na hakuna ambaye angalimlaumu.

Basi ninyi mlioandika, msingojee kikao kingine cha ukoo. Nendeni katika mahakama ile ile iliyomteua, mwombe alete hesabu pamoja na kodi alizopokea, na akikataa mwombe aondolewe. Nyumba ikiwa haikatiki, atakaye awanunue wenziwe, na asipopatikana mnunuzi ndani ya jamaa iuzwe nje na thamani igawanywe. Kumstahi kaka ni adabu njema, ila haki ya yatima haisamehewi kwa niaba yake.

Nina watoto watano, na kitinda mimba ndiye anitunzaye. Mwandishi mmoja wa nyaraka ameniuzia fomu ya wasia ili nimwachie nyumba yangu peke yake. Je, yatosha?

Bibi, umeuziwa karatasi. Wasia kwa anayerithi haupiti ila warithi wenziwe wauridhie, na ridhaa hiyo huzingatiwa baada ya mauti yako, wala si leo wanapokaa mbele yako wakiona haya kukukatalia. Theluthi isemwayo na watu ni kipimo cha wasia kwa wasiorithi, na kwa mambo ya kheri; haikuwekwa iwe mlango wa nyuma wa kumzidishia mwana mmoja. Ukitaka kumpa, mpe ungali mzima, kwa hiba iliyo wazi mbele ya mashahidi, na umkabidhi. Kwani hiba isiyokabidhiwa ni ahadi tu, na hiba itolewayo katika maradhi ya mauti huhesabiwa hesabu ya wasia. Lakini kabla hujaandika, waite wale wanne uwaeleze sababu, maana kuwasawazisha watoto katika vipawa ndilo lililo karibu zaidi na uadilifu. Na yule mwandishi mwambie akurudishie fedha zako.

Mwanangu alinitangulia mbele ya haki, akaacha watoto wadogo. Wanangu wengine wasema wajukuu hawa hawana kitu kwangu. Ni kweli?

Katika mirathi ni kweli, kwani mwana wa kiume aliye hai humzuia mwana wa nduguye. Na wanaojificha nyuma ya kweli hiyo huniudhi kuliko wanaosema uwongo. Misri, kwa sheria ya wasia ya mwaka 1946, ilifaradhisha kwamba wajukuu wa namna hii wapewe wasia wa lazima usiozidi theluthi, hata babu akiwa hakuuandika. Mwambao wetu hauna faradhi hiyo, lakini mkono wako haukufungwa: kwa kuwa wajukuu hao si warithi wako, waweza kuwaandikia hadi theluthi ya mali yako bila ya kumwomba mtu idhini. Andika mwezi huu, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, umtaje wasii unayemwamini, na nakala aiweke mtu asiyekuwa na fungu.

Gharama za khitma na karamu ya arobaini zitoke katika mali ya marehemu?

La. Katika mali ya marehemu hutoka kwanza gharama za maziko, yaani kuosha, sanda na kaburi, kisha madeni, kisha wasia, kisha mafungu. Katika madeni yamo mahari ya mke yasiyolipwa, ambayo jamaa huyasahau upesi sana na wanaume waliojaa ukumbini huona haya kuyataja. Atakaye kuwalisha watu pilau awalishe kwa fedha zake. Na ikiwa katika warithi pana mtoto asiyebaleghe, basi sahani ile imepakuliwa kwa mali ya yatima, na Kurani imekwisha kusema juu yake maneno ambayo sina haja ya kuyazidisha.

Nikiiweka nyumba yangu wakfu kwa watoto na wajukuu wangu, itaokoka na ugomvi?

Itaokoka na mnunuzi. Ugomvi ni jambo jingine. Kitu kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakitolewi hiba wala hakirithiwi, na manufaa yake huenda kwa uliowataja, kisha kwa kheri isiyokatika, kama msikiti au masikini. Wakfu wa jamaa umepata misukosuko yake: mwaka 1894 Baraza la Privy la London, katika kesi iliyotoka Bengal, lilibatilisha wakfu ambao masikini wangelifikiwa nao baada ya kizazi chote kwisha, India ikalazimika kutunga sheria mwaka 1913 kuuhuisha, na huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1950, baraza hilo hilo likabatilisha wakfu wa Mombasa kwa kuifuata hukumu ile, kana kwamba kumtendea mema jamaa si sadaka. Sheria za baadaye zilizitengeneza hali hizo, ila funzo limebaki: hati iandikwe na ajuaye, itaje wazi mwisho wake wa kheri, na isajiliwe kwa makamishna wa wakfu Mombasa au katika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ya Zanzibar. Usijiwekee wakfu nafsi yako, kwani kwa Shafi haufai, wala usingoje maradhi ya mauti, kwani hapo hautapita theluthi. Juu ya yote hayo, mchague mtawali kwa uaminifu wake na si kwa umri wake, ama sivyo utakuwa umeniletea tena ile barua ya kwanza.

Mume wangu alinipa talaka, eda ikaisha, kisha akafariki. Ninarithi?

La, hurithi. Mahari yaliyosalia, kama yapo, ni deni lako, yadai.

Hati ya shamba la marehemu babu imepotea, na mganga mmoja asema ataiona kwa ramli iwapo tutamlipa nusu ya fedha mbele. Washauri nini?

Hati hutafutwa katika masjala ya ardhi. Fedha za mganga zitumieni kulipa deni la babu.