Makosa ya Tovuti na Namna ya Kuyakagua

Wazazi kadhaa wameniuliza kwa nini tovuti ya shule, ikisha kutengenezwa na kufunguliwa, yahitaji tena watu wa kuikagua kila juma. Swali lao ni la haki, maana nyumba ikisha kuezekwa fundi hukusanya vyombo vyake akaenda zake. Basi nimeona yafaa nieleze katika gazeti letu kazi ifanywayo na chama cha kompyuta ninachokisimamia, ili hata asiyepata kuandika ukurasa mmoja wa tovuti aelewe, na pengine aweze kukagua ya kwake, iwe ya duka au ya ushirika.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba tovuti ina wasomaji wa namna mbili, watu na mashine, na mashine ndiyo hutangulia kusoma. Mzazi aliye Kigoma ambaye mwanawe amechaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza hapa hajui anwani ya tovuti yetu. Huchukua simu akaandika jina la shule na maneno "fomu ya kujiunga", kisha hungoja Google imletee jibu. Sasa Google haiondoki saa ile ile kwenda kuzipekua tovuti za dunia nzima. Ilikwisha kutuma roboti zake mapema (nazo si vyuma vyenye miguu, ni programu tu), zikafuata viungo toka ukurasa hata ukurasa, zikasoma, na yaliyosomwa yakapangwa katika faharasa kubwa. Jibu la mzazi hutoka katika faharasa hiyo. Ni kama maktaba yetu: kitabu kisichoandikwa katika daftari la vitabu chaweza kukaa rafuni miaka kumi, na kila mwanafunzi akikiulizia ataambiwa hakipo.

Kwa hiyo tovuti yaweza kuwa nzuri machoni pa watu, na huku kwa mashine imefungwa kabisa. Liko faili dogo liitwalo robots.txt, ambalo roboti hulisoma kabla ya kuingia. Martijn Koster alilipendekeza mwaka 1994, na mwaka 2022 likaandikwa rasmi kuwa kanuni ya intaneti, namba RFC 9309. Ndani yake, chini ya mstari unaozitaja roboti zote, neno Disallow likifuatwa na alama ya mkwaju peke yake, maana yake ni "msiingie popote". Mafundi huliweka wakati wa ujenzi ili kazi isiyokwisha isisomwe, na hapo hawana kosa. Kosa huja siku ya kufungua, mstari ule usipoondolewa.

Naijua shule moja ambayo tovuti yake ilifanywa upya wakati wa likizo, ikapendeza kuliko ya kwanza, na mstari ule ukabaki. Mkuu wa shule aliifungua kwa simu yake, walimu wakaifungua, wala hakuna aliyeona kasoro. Lakini wazazi waliotafuta jina la shule walipata anwani tupu isiyo na maelezo chini yake, na juu yake zikaja kurasa za watu wengine waliosema habari za shule ile kwa kubahatisha. Muhula mzima ulipita hivyo.

Wako wadhanio kwamba faili hili ni kufuli. Si kufuli, ni kibao cha mlangoni tu. Roboti yenye adabu hukitii, mwizi hakijali. Tena faili lenyewe husomwa na mtu yeyote, kwa hiyo aandikaye humo "msiingie chumba cha siri" amewaonyesha wezi chumba kilipo. Namba za simu za wazazi zisiwekwe mahali pa wazi kabisa. Lipo na jambo moja ambalo huwatatanisha hata mafundi. Ukitaka ukurasa usiingie katika faharasa, huandika ndani yake neno noindex. Walakini roboti haiwezi kuliona neno hilo ikiwa umeizuia mlangoni, na anwani ya ukurasa ule yaweza bado kuingia katika faharasa kwa kuwa tovuti nyingine zimeitaja. Hivyo mwenye kutaka kuuficha ukurasa hana budi kuiacha roboti iingie, ipate kusoma kwamba imekatazwa kuuandika. Wanafunzi wangu hucheka wakiambiwa hivyo, lakini ndivyo mambo yalivyo.

Sasa nije kwenye kosa ambalo mimi naliona baya kuliko yote, nalo ni faili la zamani lililosahauliwa.

Fomu ya maelekezo ya kujiunga hubadilika kila mwaka: tarehe ya kuripoti, sare, vifaa vya kuja navyo. Katika shule nyingi kazi hufanywa hivi: mwaka mmoja huwekwa faili liitwalo fomu2015, mwaka mwingine fomu-mpya, kisha fomu-mpya-sahihi, na kila mara kiungo cha zamani huondolewa katika ukurasa wa mbele. Watu husema faili limefutwa. Halikufutwa, kilichoondolewa ni njia ya kulifikia kutoka ukurasa wa mbele. Lenyewe bado limo katika seva, na tovuti nyingine zilizokuwa zikilielekeza bado zinalielekeza. Google nayo, ikiona limetajwa na wengi kwa miaka mingi, huweza kulitanguliza mbele ya fomu ya mwaka huu ambayo haijatajwa na mtu.

Fikiri fomu ya mwaka 2015 ikimfikia mzazi leo. Itamwambia alipe ada ya bweni shilingi 70,000, na hali ada ya kidato cha kwanza hata cha nne katika shule za Serikali iliondolewa tangu Januari 2016, na ya kidato cha tano na cha sita ikafuata katika mwaka wa fedha 2022/2023. Mzazi mwenye kipato kidogo pengine hatapiga simu kuuliza. Atauza mbuzi, au atamzuia mtoto nyumbani mpaka fedha zipatikane, na mtoto ataanza masomo wenzake wamekwisha kufika mbali. Huku shuleni hakuna taa nyekundu itakayowaka. Faili linafunguka vizuri, kiungo hakikukatika, na programu ya ukaguzi itasema kwamba yote ni salama. Hapo panahitajika jicho la mtu aijuaye shule.

Dawa yake ni kuipa fomu anwani moja isiyobadilika, na kila mwaka kubadili yaliyomo. Anwani za zamani zote zielekezwe kwenye hiyo moja kwa namba 301. Namba hizi yafaa kuzijua, maana ndizo lugha ya seva. Kila mara kivinjari au roboti ikiomba ukurasa, seva hujibu kwanza kwa namba ya tarakimu tatu. Namba 200 ni kusema "huu hapa". 301 ni "umehamia kule, wala haurudi". 302 ni "umehama kwa muda". 404 ni "sikuuona". 410 ni "uliondolewa, usiutafute tena". Zianzazo na tano, kama 500 na 503, husema kwamba taabu iko kwa seva yenyewe. (Wako wasimuliao kwamba 404 ilikuwa namba ya chumba huko CERN, mahali wavuti ilipozaliwa. Hiyo ni hekaya tu.)

Kupotea kwa kurasa si ugonjwa wa shule peke yake. Kituo cha Pew cha Marekani kilitoa mwaka 2024 uchunguzi wake ulioonyesha kwamba katika kurasa zilizokuwapo mwaka 2013, asilimia 38 zilikuwa hazifunguki tena baada ya miaka kumi. Tim Berners-Lee, aliyependekeza wavuti mwaka 1989, alikwisha kuandika mwaka 1998 akiwaonya wenye tovuti wasibadili anwani zao ovyo.

Tena iko 404 ya uongo. Ukurasa huandika kwa herufi kubwa "Samahani, ukurasa haupo", lakini seva chini kwa chini imejibu 200, yaani huu hapa. Binadamu ameelewa, mashine imedanganywa, nayo huendelea kuja kuusoma ukurasa usio na kitu. Karibu na kosa hilo ni desturi ya kuelekeza kila anwani iliyokufa kwenye ukurasa wa mbele. Mzazi aliyeomba fomu akapewa picha ya mnara wa bendera hajasaidiwa, na Google pia huhesabu jambo hilo kuwa ni 404.

Makosa mengine nitayapitia upesi. Vichwa vya kurasa: kila ukurasa uwe na kichwa chake kilicho na jina la shule na habari iliyomo, si "Karibu" toka mwanzo hata mwisho. Anwani: ukurasa mmoja waweza kufunguka kwa http na kwa https, kwa www na bila www, na mashine ikaona kurasa nne, ichaguliwe moja, nyingine zielekezwe huko. Kwa nakala zisizoweza kuepukika iko alama ya kutaja anwani rasmi, iliyokubaliwa na Google, Yahoo na Microsoft mwaka 2009. Cheti cha usalama: kikiisha muda, kivinjari humwonyesha mzazi onyo la kutisha, naye hukimbia. Mwaka 2025 vyombo vinavyosimamia vyeti hivyo vilikubaliana kuvifupisha hatua kwa hatua, hata visizidi siku 47 ifikapo mwaka 2029, kwa hiyo atakayetegemea kukumbuka kwa kichwa ataumbuka. Upyaji upangwe ufanywe na mashine yenyewe. Lugha: ukurasa wa Kiswahili uandikwe ndani yake alama "sw". Google husema haitegemei alama hiyo kutambua lugha, bali programu zinazowasomea vipofu kwa sauti huitegemea, na bila hiyo huweza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza.

Juu ya picha nitakaa kidogo. Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba itaanza kuzisoma tovuti kama zionekanavyo katika simu, na Oktoba 2023 ikatangaza kwamba kazi hiyo imekamilika. Sasa mtu hupiga picha za mahafali kwa kamera nzuri, kila moja megabaiti 6, akaweka picha 20 katika ukurasa mmoja. Hizo ni megabaiti 120 kwa mzazi anayenunua kifurushi cha siku. Google hutaka kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde mbili na nusu. Ukurasa kama huo hauwezi. Picha ikipunguzwa mpaka kilobaiti 150 hakuna atakayeona tofauti katika simu. Baya zaidi ni tangazo lililopigwa picha ubaoni na kubandikwa hivyo hivyo. Maneno yaliyomo pichani mashine huenda isiyasome, na kipofu hayasikii kabisa. Tangazo lichapwe.

Chama chetu hukagua kila Jumatano baada ya vipindi. Twaanza kwa simu, si kwa kompyuta, na kwa kuandika yale ambayo mzazi angeandika. Kisha twaandika site: na kufuatisha anwani ya tovuti bila kuacha nafasi, ndipo Google huonyesha baadhi ya kurasa zetu ilizonazo, mara nyingi humo ndimo mafaili ya zamani hufufuka. Halafu twafungua Search Console, chombo cha bure cha Google kwa wenye tovuti, kionyeshacho kurasa zilizoachwa nje ya faharasa na sababu yake. Mwisho, mara moja kwa mwezi, twatumia programu ya Screaming Frog, ambayo bila malipo hupitia anwani hadi 500, nazo zatutosha. Kila kosa huandikwa katika daftari: tarehe, anwani, kosa, aliyerekebisha, na tarehe ya kutazamwa tena. Safu hiyo ya mwisho ndiyo naisisitiza kwa wanafunzi, kwa kuwa kurekebisha kosa moja huzaa jingine mara nyingi.

Si kila kinachoandikwa kwa rangi nyekundu ni ugonjwa. Programu hizi hupenda kuhesabu maonyo mamia, na anwani ambayo haikuwahi kuwapo ikijibu 404 imejibu sawasawa. Wako pia wapitao mashuleni wakiuza nafasi ya kwanza katika Google. Google yenyewe imeandika kwamba hakuna awezaye kuihakikisha nafasi hiyo, na mimi ningependa fedha hizo zinunue vitabu.

Baada ya marekebisho hapana budi kungoja, maana roboti hurudi kwa wakati wake, siku chache au majuma kadhaa. Iko njia ya kuiomba Google ifiche anwani upesi, walakini maficho hayo hudumu miezi kama sita tu, na faili likiwa bado limo katika seva laweza kurudi. Ndiyo sababu muhula huu tunapitia mafaili yote ya PDF moja moja. Mzazi akikutana na fomu ya mwaka wa nyuma na atuletee anwani yake kama ilivyoandikwa juu ya kioo cha simu, pamoja na maneno aliyotafuta. Picha ya fomu peke yake haitoshi, kwa kuwa haituambii faili limelala wapi.