"Usiogope, Huyu Hang'ati"

Matarishi wa posta wa Marekani wameizoea sana kauli hiyo ya wenye nyumba. Mwaka 2023 shirika la posta la nchi hiyo lilihesabu zaidi ya wafanyakazi wake 5,800 walioshambuliwa na mbwa. Mwaka 2024 idadi ikapita 6,000. Mbwa humwona mtu yuleyule akija karibu kila siku, humbwekea, naye huondoka. Kwa akili ya mbwa, ni yeye aliyemfukuza.

Hatari kubwa ni pale mlango unapofunguliwa. Mtie mbwa chumba kingine, funga, ndipo umfungulie tarishi. Usiutegemee mlango wa wavu, maana mbwa aliyepandwa na hasira huutoboa. Mtoto naye asipokee barua mkononi mwa tarishi mbele ya mbwa, kwani mbwa anaweza kudhani mtoto anadhuriwa. Ndugu zetu wanaoishi huko wajue kwamba posta inaweza kusitisha barua za nyumba yenye mbwa mkali, hata za majirani, zikafuatwe ofisini.

Tarishi atikise geti kabla ya kuingia. Mbwa akimjia, asikimbie wala asimpe mgongo. Mkoba auweke mbele uwe ngao, arudi kinyumenyume polepole.

Kwetu barua nyingi huishia kwenye masanduku ya posta, kwa hiyo wanaong'atwa getini ni wengine: kijana wa bodaboda aliyeleta mzigo, msoma mita, mhudumu wa afya wa mtaa. Tahadhari ni zilezile. Na kile kibao cha "Mbwa Mkali" kinamwonya mgeni tu, hakimfungi mbwa.

Kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi. Marekani ilitangaza mwaka 2007 kwamba kirusi cha kichaa cha mbwa kinachoenezwa kutoka mbwa hadi mbwa kimetokomezwa nchini humo. Afrika Mashariki bado kipo, na dalili zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufa. Ukiumwa na mbwa, hata ukikwaruzwa tu, osha jeraha hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, majani wala mafuta. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Usikae kungoja uone kama mbwa atakufa. Ukishaanza chanjo, rudi kila tarehe uliyoandikiwa mpaka umalize sindano zote, hata kama kidonda kimeshapona.